Kaburi la Bibi

Mwanafunzi atokaye visiwani kwenda kusoma Bara Hindi hupewa mausia mengi kabla hajapanda ndege. Achunge sala zake, asile asichokijua, fedha asikopeshe, na akipata nafasi asiache kwenda kuiona Taj Mahal. Msichana mmoja wa Mji Mkongwe, aliyeondoka Unguja mwaka 2004 kwenda kusomea ufamasia katika mji wa Aurangabad, wosia huo wa mwisho aliupata kwa mama yake mwenyewe. Mama huyo alikuwa na kopo la biskuti lililochorwa Taj juu ya kifuniko. Biskuti zake zilikwisha kuliwa kabla msichana hajazaliwa, na tangu hapo kopo lilikaa nyuzi, sindano na vifungo. Kila aliposhona alikitazama kifuniko kile. Siku ya safari alimwambia bintiye: “Ukifika, nitazamie na mimi.”

Walakini India ni nchi pana kuliko anavyodhani mtu aliyezoea kisiwa ambacho huvukwa kwa gari kabla ya Adhuhuri. Baina ya Aurangabad na Agra, iliko Taj, pana karibu kilomita elfu moja, na fedha zilizotoka nyumbani zilikuwa za karo, chumba na chakula. Safari ikangoja likizo, likizo ikangoja fedha, na fedha zilipopatikana kidogo zikanunua vitabu.

Mjini Aurangabad penyewe palikuwa na jengo jeupe lenye kuba na minara minne, lililofanana na lile la kifuniko kiasi cha mgeni kuyashuku macho yake. Wenyeji huliita Bibi ka Maqbara. Jina hilo halikumhitaji mfasiri, maana bibi ni bibi, na neno la pili ni ndugu wa damu wa neno ambalo Waswahili wameliitia kaburi. Ni kaburi la Bibi. Alilisikia likitajwa na madereva kila asubuhi, akaliona kuba lake kwa mbali alipokwenda sokoni, na kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hakuingia. Kilicho karibu hakimpi mtu haraka. Tena, aliona kama kuingia humo ni kumdanganya mama yake, kumtazamia kivuli badala ya kitu chenyewe.

Mwezi wa Februari 2006 ujumbe ulimfikia kwa simu ya mwanafunzi mwenziwe: apige nyumbani upesi. Katika vibanda vya simu vya India ya miaka ile kulikuwa na kisanduku ukutani chenye tarakimu nyekundu, kilichohesabu dakika na rupia kwa pamoja. Kaka yake alipokea, akamwambia kwanza aketi, kisha akamwambia. Mama alifariki alfajiri. Kisukari kilikuwa kimemla siku nyingi kuliko msichana alivyoandikiwa katika barua, kwani walikubaliana nyumbani kwamba asisumbuliwe na masomo yake. Amekwisha kuzikwa, baada ya Alasiri, Mwanakwerekwe. Msichana hakuuliza kitu. Alizitazama tarakimu nyekundu zikipanda, na kwa aibu yake, jambo alilolikumbuka usiku kucha ni kwamba habari ile ilimgharimu rupia mia na kumi na mbili.

Haikuwezekana arudi, wala hapakuwa na faida ya kurudi kwa maziko. Hata lau angekuwapo, asingalilifuata jeneza. Visiwani mwanamke hubaki nyumbani, husikia tahalili ikififia mtaani, kisha hugeuka na kuwapikia watakaorejea. Kwa hiyo si maziko aliyoyakosa. Alichokikosa ni kuosha. Mama huoshwa na bintiye, akiongozwa na mwoshaji mjuzi na kusaidiwa na shangazi na mama wadogo: maji yenye majani ya mkunazi, kisha maji safi, kisha maji ya mwisho yenye kafuri, na kila mara upande wa kulia hutangulia. Ndilo jambo la mwisho ambalo mikono ya binti huweza kumfanyia mamaye. Sala iliyompita mtu ina kadha. Josho halina kadha.

Siku ya arubaini, nyumbani ilisomwa hitima. Yeye kule ugenini hakuwa na nyumba ya kukusanyia watu, wala watu wenyewe hakuwa nao isipokuwa wanafunzi watatu wanne wa Kiafrika waliokuwa katika mitihani. Aliamka, akajaribu kusoma chumbani, akashindwa kwa kelele za ujirani. Ndipo alipotoka, akasimamisha bajaji, akamtajia dereva lile jina ambalo halikuhitaji tafsiri.

Lango la Makbara ni refu na milango yake imevikwa shaba iliyochorwa majani. Hapo yameandikwa majina ya watu wawili waliolijenga: Ata-ullah msanifu na Hanspat Rai mhandisi. Ata-ullah alikuwa mwana wa Ustad Ahmad Lahauri, ambaye ndiye anayehesabiwa kuwa msanifu mkuu wa Taj. Na Bibi aliyelala ndani, Dilras Banu Begum, alikuwa mke wa Aurangzeb, mwana wa Shah Jahan aliyeijenga Taj kwa ajili ya Mumtaz Mahal. Hivyo kaburi la mke wa baba lilijengwa na fundi baba, na kaburi la mke wa mwana likajengwa na fundi mwana. Mumtaz alifariki mwaka 1631 katika uzazi. Dilras alifariki mwezi wa Oktoba 1657, kiasi cha mwezi mmoja baada ya kujifungua. Waume zao walikuwa na majeshi, hazina na matabibu wa kila namna, na yote hayo hayakufaa kitu mbele ya kitanda cha mzazi.

Waongozaji wa wageni hawaelezi hayo. Wao hulinganisha. Huliita jengo hili Taj ya maskini, hucheka, kisha husema gharama: kwa mujibu wa masimulizi ya kale, Makbara ilikula rupia 668,203 na anna saba, ilhali Taj hukisiwa kuwa ilikula rupia milioni 32. Husema minara imelisogelea mno kuba, kwamba jengo limebanwa, kwamba Aurangzeb alikuwa mtu wa mkono mzito katika kutoa. Huenda wanasema kweli katika habari ya minara. Lakini mtu anayelipima kaburi kwa kaburi jingine hujinyima kuliona alilolijia, na hizo anna saba zenyewe zilimgusa msichana kuliko zile milioni. Zilimkumbusha daftari la dukani, ambamo mtu huandika hata thumuni kwa sababu kila kitu kimetoka katika mkono unaojulikana.

Marumaru imetumika sehemu ya chini ya kuta na katika kuba. Baina ya hapo ni jiwe jeusi la nchi ile, lililopakwa lipu laini iliyosuguliwa na kuchorwa maua. Watalii wanapoambiwa hivyo husikitika, kama waliouziwa dhahabu wakakuta shaba. Mtoto wa Mji Mkongwe haidharau lipu. Amekulia katika nyumba za mawe na chokaa, anajua harufu yake baada ya mvua, anajua jinsi inavyobanduka kidogo kidogo kwa chumvi na unyevu, na jinsi baba wa nyumba anavyoitazama na kusema mwakani. Alipofika mahali ambapo lipu ya Makbara imebanduka na jiwe linachungulia, ndipo mara ya kwanza siku ile alipojihisi hayuko ugenini. Palikuwa kama Mkunazini.

Ndani hakuna sauti kubwa. Mtu huingia chini ya kuba, akakuta uwazi sakafuni, na kaburi liko chini yake, limezungukwa na kiambaza cha marumaru cha pembe nane kilichotobolewa kwa ufundi kama kilemba cha ususi. Kuliona ni lazima uiname. Limefunikwa nguo, na juu ya nguo zimetapakaa sarafu na noti zilizotupwa na wageni. Mwanamke mmoja aliyefuatana na watoto alifumba macho, akanong’ona, akaiachia sarafu yake. Ilianguka bila mlio.

Msichana alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, na hajapata kulikaribia kaburi hata moja. Kwao alipita barabarani, akayaona makaburi kwa dirisha la daladala, akayasalimu kwa moyo na kupita. Kaburi la kwanza kuinamiwa na macho yake likawa la mwanamke wa nchi nyingine, aliyekufa karibu miaka mia tatu na hamsini kabla. Ilimpitia fikra kwamba masheikh wa nyumbani wangekuwa na maneno mazito juu ya sarafu zile, na juu ya kuba lenyewe, na pengine juu yake yeye aliyekuja. Hakutupa sarafu. Alijisogeza kando ya ukuta, wapitao wasimkanyage, akaanza Yasini kwa sauti ya chini. Aliisoma kwa nia ya mama yake. Katikati ya sura akaona si adabu kusimama kichwani pa mtu na kumsomea mwingine, basi akamtia na Bibi katika nia, na alipomaliza hakuweza tena kuwatenga katika dua.

Vitabu vingi husema Makbara ilijengwa na Azam Shah, mwana wa Dilras, kwa mapenzi ya mama yake. Hesabu haikubali. Azam Shah alizaliwa mwaka 1653, maana yake siku mamaye alipofariki yeye alikuwa mtoto wa miaka minne, na miaka michache iliyofuata, jengo lilipokuwa likiinuka, alikuwa bado mtoto wa kushikwa mkono. Ni baba aliyetoa amri na fedha. Mwana labda alikarabati baadaye alipokuwa mtu mzima, labda jina lake lilipachikwa kwa kuwa watu hupenda kaburi la mama lijengwe na mwana. Lakini katika kosa hilo mna kitu. Mtoto wa miaka minne hakuosha, hakuzika, hakukumbuka chochote isipokuwa alichohadithiwa, na nchi nzima imekubaliana kumwandikia kaburi hili kama deni alilolilipa. Azam Shah mwenyewe aliuawa mwaka 1707 vitani huko Jajau karibu na Agra, akigombea kiti cha ufalme na kaka yake, miezi michache tu baada ya baba yao kufariki.

Ni kaburi la baba huyo alilolifuata msichana baada ya mvua za mwaka ule. Basi la Khuldabad hupita chini ya ngome ya Daulatabad, na mwendo wote hauzidi kilomita thelathini. Alitarajia kuba. Aurangzeb alitawala karibu miaka hamsini, na dola yake ilienea kuliko ya babu zake wote, lakini amelala uani kando ya ziara ya Sheikh Zainuddin, chini ya mbingu wazi. Kaburi lake ni udongo. Kiambaza cha marumaru kinachouzunguka udongo huo si chake, kiliongezwa karne ya ishirini. Yasemekana aliusia kwamba maziko yake yagharimiwe kwa rupia nne na anna mbili alizozipata kwa kushona kofia, na kwamba fedha alizozipata kwa kunakili Kurani wapewe masikini. Huyu ndiye aliyemfunga baba yake mzazi katika ngome ya Agra mpaka mauti yakamkuta humo, kwa hiyo si lazima mtu amwamini kwa kila kitu, lakini katika habari ya kofia hakuna sababu kubwa ya kumkanusha. Msichana alizifikiria sindano zilizomo katika kopo la biskuti. Juu ya udongo wa kaburi palikuwa pameota mrehani.

Visiwani jambo hilo halina ugeni. Hata masultani wa Unguja, waliojenga Beit el Ajaib ikasimama juu ya mji mzima, makaburi yao yako uani kando ya jumba mbele ya bahari, na kuba lililoanzwa juu ya Sayyid Said, aliyefariki mwaka 1856, halikupata kumalizwa.

Kabla ya kurudi mjini alipanda kilima kidogo nje ya Khuldabad, kwenye kaburi jingine lenye kuba la jiwe lililopauka, ambalo siku ile halikuwa na mgeni isipokuwa yeye. Amelala hapo Malik Ambar, Mhabeshi aliyezaliwa yapata mwaka 1548, akauzwa utumwani angali mtoto, akapitia mikono ya mabwana kadhaa wa Uarabuni na Baghdad, akafika Deccan, akapata uhuru, akawa waziri mwenye nguvu kuliko mfalme aliyemtumikia. Wamughali walimpiga vita miaka mingi wasimweze. Jahangir, babu yake Aurangzeb, alimchukia hata akachoresha picha ambamo yeye mfalme analilenga mshale kichwa cha Ambar kilichokatwa na kutungikwa juu ya mkuki. Kichwa hicho kilikatwa katika picha tu, kwani Malik Ambar alikufa kwa uzee mwaka 1626. Na ndiye aliyeuasisi mwaka 1610 mji ule ambao msichana alikuwa akisoma, akauita Khadki, akauletea maji kwa mifereji ya chini ya ardhi iliyopewa jina lake. Watoto wa mtaani walikuwa wakimfuata msichana na kumwita Habshi, wakicheka. Tangu siku ya Khuldabad alikuwa akiwajibu kwa salamu.

Majina ya mji huo hayajatulia hata leo. Mwana wa Malik Ambar aliubadili Khadki ukawa Fatehnagar, Aurangzeb akaubadili tena mwaka 1653, na mwaka 2023 serikali iliuandika rasmi Chhatrapati Sambhajinagar, kwa jina la mtawala wa Kimaratha ambaye Aurangzeb alimuua. Mwezi wa Machi 2025 baadhi ya watu walidai hata lile kaburi la udongo lifukuliwe na kuondolewa. Ghasia zilizuka Nagpur kwa ajili ya madai hayo, na pale Khuldabad ulinzi ukaongezwa. Udongo mtupu, mrehani na polisi.

Alirejea Unguja katikati ya mwaka 2008. Taj hakupata kuiona. Kopo lilikuwa juu ya kabati, pahala pake pa siku zote, na dada yake alikuwa amelijaza vifungo zaidi. Siku ya tatu alimwendea mjomba wake, ndugu wa mama, akamwamkia na kumwomba ampeleke Mwanakwerekwe.

“Wanawake hawaendi, mwanangu,” mjomba alisema.

“Najua, mjomba.”

Mjomba alinyamaza, akamaliza kahawa yake. “Basi iwe siku ya kazi, asubuhi,” alisema, “kuwe hakuna watu.”

Walikwenda Jumatano. Msichana alichukua ndoo ndogo na mche wa mrehani alioung’oa chunguni. Makaburi yale ni mengi na yamebanana, na masika matatu yalikuwa yamepita. Mjomba alianza kuhesabu hatua tangu ukutani, akasimama, akarudi ukutani, akahesabu upya. Mashahidi yalikuwa ya mbao. Palikuwa na matuta mawili yaliyodidimia sawasawa, na hakuna ubao wenye kusomeka katika lolote.

“Ni hili,” mjomba alisema. Kisha akasema, “Au lile. Siku ile nilikuwa kichwani, nikitazama chini, sikutazama pembeni.” Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepoteza amana. Alikuwa mzee wa miaka sabini, na yeye ndiye aliyeteremka mwanandani kumpokea dada yake.

“Hapana neno, mjomba,” msichana alimwambia. Waliketi baina ya matuta mawili, wakasoma Yasini, mjomba kwa moyo, yeye kwa msahafu. Walipomaliza aliugawa mche wa mrehani vipande viwili na kuvichomeka, kimoja huku na kimoja huku. Kisha akaichukua ndoo. Alianza na tuta la kwanza, kichwani, upande wa kulia, akimimina pole pole mpaka miguuni, akarudi upande wa kushoto. Alimimina mara tatu, maji yakaisha. Alipoinua uso kutazama tuta la pili, mjomba alikuwa ameshainuka, ameishika ndoo, anakwenda bombani.